Mfungaji Yuko Ofisini

Aliyekaa na akae, aliyesimama ampishe wa nyuma yake aone. Habari yenyewe ni ya Jamhuri ya Ndivyo, nchi ambayo mkiitafuta kwenye ramani hamtaipata, ingawa mkichungulia dirishani huenda mkapata fununu.

Katika Jamhuri hiyo aliishi mwanamke aitwaye Sikitu Mwinyikondo, mjane, fundi cherehani, mwenye sauti isiyohitaji kipaza. Kilichomlisha ni ushonaji, lakini kilichompa usingizi au kumnyima ni mpira. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa Mkokoteni FC, timu ya wapagazi na wachuuzi wa soko kuu, na kila Jumatatu alasiri baraza lake lilijaa watu waliokuja kubishana. Walibishana juu ya mambo mawili tu: refa na usajili. Mengine yote katika Ndivyo yalikuwa yamekwisha kukubaliwa.

Kuhusu usajili, Bunge lilikuwa limepitisha Kanuni ya Kikomo, ili matajiri wasizimeze timu za wanyonge. Kanuni ilisema hakuna timu itakayotumia kwa wachezaji wake zaidi ya ile inayotumia kidogo kuliko zote. Ilikuwa kanuni nzuri, iliyoandikwa kwa moyo safi. Ikaja kuonekana kwamba timu inayotumia kidogo kuliko zote ni Dola FC, ambayo mlezi wake ni Mheshimiwa Rais mwenyewe. Dola FC haikutumia kitu. Wachezaji wake walikaa majumba ya ghorofa na kuendesha magari yenye vioo vya giza, lakini hayo, serikali ilieleza, ni matunda ya bidii yao katika utumishi wa umma. Mpira waliucheza kwa mapenzi tu. Basi kikomo kikawa sifuri, na timu nyingine kumi na moja zikakitii kikomo hicho hadi wachezaji wao wakawa wanakwenda uwanjani kwa miguu, viatu mkononi ili visiishe soli.

"Nyie mna wivu," alikuwa akisema Nyamizi, jirani yake Sikitu, muuza nyanya na shabiki wa Dola FC tangu utotoni. "Timu yetu ina nidhamu. Yenu ina njaa."

"Njaa yetu tunaijua mama yake, shoga yangu. Shibe yenu ndiyo haina baba," Sikitu alimjibu, na mguu wake haukuacha kukanyaga cherehani.

Walikuwa wakitukanana hivyo mwaka wa kumi na tisa sasa. Mmoja akiugua, mwenzake ndiye aliyempikia uji.

*

Mwaka huo Mkokoteni na Dola zilikutana fainali, mechi mbili. Ya kwanza ilipigwa Jumamosi, na Sikitu alikuwepo, jukwaa la jua, pamoja na katibu wake wa tawi, Mzee Shomvi, muuza mkaa.

Dakika ya sabini refa aliipa Dola penalti. Beki wa Mkokoteni hakumgusa mtu. Refa alieleza baadaye kwamba beki huyo alimtazama mshambuliaji kwa dharau, ndani ya eneo la hatari. Aliyepiga ni Anzuruni Mapande, aliyeitwa Nyundo, mfungaji bora wa taifa kwa miaka minne. Ikawa moja bila. Dakika ya themanini na nane winga wa Mkokoteni, mpagazi wa magunia ya vitunguu, aliwapita watu watatu akafunga bao lililomfanya hata Nyamizi, jukwaa la kivuli, ajikute amesimama. Refa akalikataa. Mshika kibendera alikuwa hajanyanyua kitu.

"Ameotea," refa aliwaambia waandishi wa habari.

"Lakini alitokea nyuma ya mabeki wote," mmoja akasema.

"Mwili ulikuwa nyuma. Nia ilikuwa mbele. Ameotea kwa nia."

Jumatatu baraza la Sikitu lilifurika hadi barabarani. Mzee Shomvi alichora uwanja mzima ardhini kwa kipande cha mkaa, akapanga nyanya za Nyamizi kama wachezaji, na kila aliyefika akapewa nafasi ya kuonyesha nia ilikuwa wapi. Nyamizi alisema refa ni refa. Alilisema mara mbili, na ya pili hakumwangalia mtu usoni.

Sikitu hakubishana siku hiyo. Alikaa akaandika barua kwa Tume ya Vikosi na Maamuzi, kurasa mbili, kuuliza mambo mawili: nia ya mchezaji inapimwa kwa chombo gani, na wachezaji wa Dola wanaishi kwa nini.

*

Jibu lilikuja kwa pikipiki, siku ya pili yake, jambo ambalo halijawahi kutokea Ndivyo. Aliitwa mbele ya Msajili Mkuu wa Vikosi, Mheshimiwa Ludoviko Ng'humbi.

Ofisi ya Msajili ilikuwa na zulia lililozamisha miguu na meza pana kiasi kwamba ilibidi watu waongee kwa sauti. Juu ya meza kulikuwa na faili moja.

"Mama Sikitu," alianza Msajili, "wewe ni shabiki. Shabiki ni mtu muhimu sana. Bila shabiki nani atakubali matokeo? Lakini nimesikia wewe unayapima."

"Nimeuliza tu, Mheshimiwa."

"Kuuliza ni kupima kwa mdomo." Akafungua faili. "Na wakati unauliza ya wenzako, hapa kuna yenu. Kipa wa Mkokoteni alioa mwezi uliopita. Tawi lako lilipeleka mbuzi."

"Mbuzi wa harusi, ndiyo. Mdogo."

"Mbuzi ni malipo. Kikomo ni sifuri, na mbuzi, hata mdogo, anazidi sifuri." Alimsogezea karatasi kwa rula ndefu, kwa kuwa mkono usingefika. "Timu yenu inastahili kufutwa. Lakini sisi si watu wabaya. Utasaini hapa kwamba mbuzi alikuwa mshahara, na kwamba bao la dakika ya themanini na nane halikuwa bao, na kwamba umelitambua hilo mwenyewe, kwa furaha. Ukisaini, timu itabaki. Usiposaini, Jumatatu baada ya marudiano itafutwa, na nyie mtashabikia hewa."

Sikitu aliisoma karatasi yote. Mkokoteni ilianzishwa na babu yake na wapagazi wenzake sita, walipokuwa hawana hata mpira, wanacheza kwa furushi la matambara. Jina lile lifutwe kwa ajili ya mbuzi? Na abaki nalo kwa uongo? Aliyapima yote mawili, na kila moja lilikuwa na uzito wake.

"Sisaini," alisema.

"Fikiri."

"Nimefikiri, Mheshimiwa. Bao lilikuwa bao. Nikisaini halikuwa, hiyo timu itakayobaki itakuwa ya nani? Si yetu." Akarudisha karatasi kwa rula ileile. "Ila hujanijibu la pili. Vijana wa Dola wanaishi kwa nini?"

Msajili alicheka, akabonyeza kengele, na karani akaleta orodha. Msajili aliisoma mwenyewe, amesimama, kama mtu anayesoma majina ya mashujaa. Nyundo alikuwa Ofisa Mizani na Vipimo wa Wilaya. Kipa alikuwa Bwana Mifugo. Mabeki wawili walikuwa makarani wa vizazi na vifo. Kiungo alikuwa Ofisa Maji, na winga wa kushoto alikuwa Ofisa wa Vimbunga, na hivyo hivyo hadi wa akiba.

"Watumishi watupu," alisema. "Kila siku ya kazi wanasaini kitabu cha mahudhurio saa mbili kamili, Jumamosi ikiwemo. Hawa vijana wanalihudumia taifa, mama. Wewe unashona suruali."

"Na kazi wanafanya?"

"Bila shaka wanafanya. Kwani hujasoma Mkataba wa Huduma? Mimi ndiye niliyeuandika." Akaunyooshea kidole ukutani, ukiwa kwenye fremu. Kifungu cha kwanza kilisema ofisa hataondoka mezani pake maadamu mwananchi yumo foleni, isipokuwa kwa ugonjwa, msiba au mafuriko.

Sikitu alikisoma kifungu mara mbili.

"Mheshimiwa, naomba nakala ya hiyo orodha, yenye muhuri. Nikawaonyeshe wale wabishi wa barazani kwangu."

Msajili aliona ameshinda. Alimpa nakala, akaigonga mihuri miwili ili ipendeze, kisha akamfungia Sikitu kuingia uwanjani maisha, kwa kukataa kusaini.

*

Ijumaa alasiri Sikitu aliisoma orodha barazani. Watu walicheka kwanza, kisha wakaanza kukumbuka shida zao.

"Mizani yangu haijakaguliwa mwaka wa nne," alisema Mzee Shomvi taratibu. "Kila nikienda naambiwa ofisa yuko safari ya kikazi."

"Mjukuu wangu ana miaka mitano hana cheti cha kuzaliwa," alisema mwingine.

"Bomba letu lina chura."

"Kesho ni Jumamosi," Sikitu alisema. "Saa mbili wanasaini. Saa tatu basi la timu linawapitia. Sisi tutakuwepo saa moja na nusu. Hakuna tusi, hakuna jiwe, hakuna wimbo. Kila mtu na shida yake, na iwe shida ya kweli. Asiye na shida abaki nyumbani, ingawa sidhani kama yupo."

Hakuna aliyeuliza itakuwaje. Walichouliza ni nani anakwenda ofisi gani.

Nyamizi alikuwa amekaa na jezi yake ya Dola. Mwishowe akasema, "Na mimi mizani inaniibia. Nanunua tenga la nyanya kwa jumla, nikifika nyumbani limepungua."

"Wewe si wa Dola?"

"Wa Dola, na nitakufa wa Dola." Alinyanyuka akakung'uta kanga. "Ndiyo maana nataka tushinde siku moja, shoga yangu, nami niamini. Miaka kumi na tisa nashangilia mbele yako ushindi ambao nikifika chumbani nauonea haya. Unafikiri nilisimama bure lile bao lenu?"

*

Ofisi ya Mizani na Vipimo ilikuwa nyuma ya bohari la serikali. Saa mbili kamili Nyundo alishuka kwenye gari lake, akaingia kusaini kama kila Jumamosi, akanyanyua macho, akaona foleni. Ilianza mezani, ikatoka mlangoni, ikazunguka bohari. Watu walikuwa na mizani ya mikono, ya sahani, ya magunia, vibaba, pishi, na mbele kabisa mwanamke mwenye futi kamba ya kushonea shingoni.

"Shikamoo, mama," alisema Nyundo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mnyenyekevu kuliko miguu yake.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unikagulie futi yangu. Wateja wanalalamika suruali zinabana."

"Mama, mimi leo nina..." Alitazama saa. "Karani atawasaidia."

Karani alisema yeye hana muhuri. Muhuri ulikuwa kwenye droo ya Ofisa, na droo haijafunguliwa tangu aajiriwe.

Sikitu akatandaza Mkataba wa Huduma mezani, alioupata kwa bei ya karatasi ofisi ya posta. Nyundo akausoma, midomo ikicheza. Nje basi la timu likapiga honi. Likapiga tena. Halafu likanyamaza, na baada ya dakika chache akaingia Msajili Ng'humbi mwenyewe, jasho likimtiririka, kwa sababu alikuwa ametoka ofisi ya mifugo na huko kulikuwa na mbuzi mia mbili na kumi, na kila mmoja alikuwa na mwenyewe.

"Mwacheni kijana aende," alisema.

"Anakwenda wapi, Mheshimiwa?" aliuliza Sikitu.

"Unajua anakokwenda. Fainali."

"Kama ni mchezaji na aende. Utuandikie tu hapa kwamba kazi yake ni mpira, na haya magari na majumba ni ya mpira. Tukishapata karatasi hiyo tunatawanyika sasa hivi."

Msajili alichomoa kalamu, akairudisha mfukoni. Kikomo kilikuwa sifuri.

"Ni ofisa," alisema hatimaye.

"Basi sisi ni wananchi, na tumo foleni."

"Nitaita askari."

"Waite. Nao waje na mizani zao kama wanazo. Lakini wapange nyuma, hapa hatupitani." Sauti ya Sikitu haikupanda. "Jumatatu umesema unatufuta. Tufute. Leo tunataka huduma tuliyoandikiwa na wewe mwenyewe."

Msajili akamgeukia Nyundo. "Kijana, inuka."

Nyundo alimwangalia Msajili, akaitazama foleni. Aliona jezi ya Dola, akamtambua Nyamizi, ambaye hajawahi kukosa mechi na ambaye alimzoea jukwaani.

"Mama Dola, hata wewe?"

"Hata mimi, mwanangu. Ile penalti ulijisikiaje ulipoifunga?"

Kijana alitazama miguu yake. "Mimi naweza kufunga bila kusaidiwa," alisema. "Miaka minne sasa sijui kama ni kweli." Akavuta kiti, akakaa, akaomba nyundo ya kweli, akavunja kufuli ya droo. Muhuri ulikuwemo, bado na karatasi ya dukani. "Lete hiyo futi, mama."

*

Saa kumi alasiri foleni ilikuwa haijafika nusu. Nyundo alikuwa amevua shati la nje. Alikuwa amegundua kwamba mizani kumi na nne za wafanyabiashara wa jumla, zilizoletwa na wapagazi wao, zimetiwa vipande vya madini ya risasi chini ya sahani, na kila alipogundua nyingine alifurahi kama mtu aliyempiga kipa chenga. Karani alikuwa na redio ndogo. Akaiwasha.

"Uwanja umefurika," alisema mtangazaji, "na hii hapa Dola FC inauanza mchezo kwa kasi ya ajabu."

Watu ofisini wakatazamana. Sikitu akampigia simu Mzee Shomvi, ambaye mizani yake ilikuwa imekaguliwa mapema na sasa alikuwa jukwaani.

"Kuna nini huko?"

"Dola amekuja mmoja," alisema Shomvi. "Yule wa vimbunga. Ofisini kwake hakukuwa na foleni, hatujawahi kupata kimbunga. Refa ameanzisha mpira. Vijana wetu wamekaa chini wanakula machungwa. Kipa wetu kapewa kadi ya njano kwa kupoteza muda."

"Na mpira uko wapi?"

"Refa anao."

Redio ikapaza sauti. "Nyundo. Nyundo anawatoka, anaingia, anapiga. Ni bao."

Ofisi nzima ikamgeukia Nyundo. Alikuwa ameinamia kibaba cha mchele, kalamu sikioni.

"Limekuwa zuri?" aliuliza.

"Mguu wa kushoto," alisema karani.

Alifunga mengine mawili kabla ya mapumziko. La tatu, redio ilisema, lilikuwa la kichwa, na Mheshimiwa Rais alisimama akapiga makofi. Hakuna aliyecheka lilipofika la tatu. Nyundo aliweka kalamu chini, akavuta karatasi yenye nembo ya Jamhuri, akaandika kwa mwandiko mkubwa wa mtu asiyezoea: *Mimi Anzuruni Mapande, Ofisa Mizani na Vipimo, nathibitisha kwamba leo kuanzia saa mbili asubuhi hadi sasa saa kumi na dakika arobaini nimo mezani pangu nahudumia wananchi. Sijafunga bao lolote.* Akaigonga muhuri, akasaini, akampa Sikitu.

"Mwanangu, hii itakuponza," Sikitu alisema. "Fikiria kwanza."

"Nimeifikiria miaka minne, mama. Chukua kabla wino haujapoa."

*

Jumapili karatasi ile ilikuwa imebandikwa kwenye kila mlango wa soko, kila kituo cha maji, na mlango mmoja wa Bunge. Jumatatu Tume ilikaa kuifuta Mkokoteni, ikasimama katikati ya kikao. Mwanasheria wao alikuwa amegundua kwamba timu ikifutwa kwenye daftari, basi Dola imeifunga timu isiyokuwepo, na ubingwa utafutika pamoja nayo. Ikaiacha. Mbuzi akasamehewa kwa kimya.

Kombe lilibaki la Dola, hilo halikubadilika. Ikatungwa amri kwamba mwananchi haruhusiwi kuwa na shida siku ya Jumamosi. Refa alipandishwa cheo. Tume ilitaka kumfukuza Nyundo kwenye mpira, lakini kwa kuwa kisheria hakuwahi kuajiriwa huko ikashindikana, na kumfukuza ofisini pia ikashindikana, maana ingebidi isemwe kosa lake ni kufanya kazi.

Sikitu aliitwa tena kwa Msajili, akaletewa karatasi ya kukiri kwamba Jumamosi ile hakuwa na shida yoyote. Aliirudisha kwa rula.

"Ninazo mpaka leo," alisema. "Nyingine zimeongezeka."

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya wachezaji wa Dola kwenda Ikulu kukabidhiwa kombe. Askari waliwekwa mbele ya Ofisi ya Mizani na tangazo la ile amri. Saa moja na nusu Sikitu aliwapita, akasimama mlangoni. Nyuma yake Nyamizi, na jezi yake. Nyuma ya Nyamizi watu waliovaa jezi za timu zote kumi na mbili, hadi nje ya macho. Askari mmoja alisoma tangazo kwa sauti, lote, pamoja na tarehe. Hakuna aliyetoka kwenye mstari. Alipomaliza akasita, akamuuliza Sikitu kwa sauti ya chini kama hapa ndipo wanapokagua pia mizani ya mke wake.

"Ni hapa," Sikitu alimwambia. "Nenda nyuma."

Saa mbili Nyundo alisaini kitabu. Saa tatu basi la kwenda Ikulu lilipiga honi, ndefu, ya pili ndefu zaidi. Ndani ya ofisi aliinua macho kwenye mizani iliyokuwa mbele yake, akaigonga muhuri, akaisogeza pembeni.

"Anayefuata," alisema.